Daftari limejaa maneno ya Kiingereza, mbona mgeni akiniuliza silipati hata moja?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kijana wa Wete, Pemba. Nilimaliza kidato cha nne, na huu ni mwaka wa pili nafanya usafi wa vyumba katika hoteli moja Paje. Nataka kuhamia mapokezi. Meneja ameniambia nafasi itakuwepo, ila Kiingereza changu kiongezeke kwanza. Nimenunua kamusi na kila usiku nanakili maneno 20 na maana zake. Nimefika herufi D, daftari lina maneno 1,400. Lakini mgeni akinisimamisha mlangoni akaniuliza kitu, yote yanakimbia. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nianze na jambo ambalo huenda hukulitarajia: lifunge hilo daftari. Usilitupe, jasho lako limo humo na baadaye tutarudi kuchota. Lakini kuanzia leo usinakili tena kutoka kwenye kamusi. Kamusi imepangwa kwa herufi ili neno litafutwe, haikupangwa ili neno lifundishwe. Ukiifuata kwa mpango wake utakutana na "abbot", mkuu wa nyumba ya watawa, miezi mingi kabla hujafika kwenye "towel", na taulo ndilo unalolishika kila siku. Kwa herufi ulizofika, bado hujaonana na "key", "pillow", "sheet" wala "tap". Usiku 70 umeutumia kwa maneno ambayo mengi ni ya kazi za watu wengine.

Maneno ya Kiingereza ni mengi, lakini hayafanyi kazi sawa. Mwaka 1953 mwalimu Mwingereza aitwaye Michael West, aliyefundisha miaka mingi huko Bengal, alitoa orodha ya maneno ya msingi kama 2,000 yanayomfaa zaidi mtu anayejifunza lugha hiyo. Mwaka 2013 watafiti wengine wakaifanya upya kazi ya namna hiyo, wakapata maneno ya msingi kama 2,800, na hayo peke yake yanabeba zaidi ya maneno 90 katika kila 100 ya maandishi ya kawaida. Maana yake ni kwamba mgeni anayekusimamisha mlangoni hakutupii maneno ya ajabu. Karibu yote aliyosema yamo katika hayo elfu mbili na kitu, na mengi yake uliyapitia skuli.

Basi kwa nini yanakimbia? Kwa sababu kulijua neno ukiliona ni jambo moja, na kulitoa ukilihitaji ni jambo jingine. Kuna watu sokoni Chake Chake ambao sura zao unazijua vizuri, lakini ukiambiwa uwaite kwa majina, huna. Wewe umejizoeza kutambua sura: jicho linaona neno, jicho linaona maana, unaridhika, unafungua ukurasa mwingine. Mgeni anakudai jina, tena papo hapo, na mdomo wako haujazoezwa hata usiku mmoja. Halafu neno ulilolinakili mara moja ukaliacha halina sababu ya kubaki. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, akachapisha matokeo yake mwaka 1885: alichokariri kilimponyoka kwa kasi katika saa na siku za mwanzo, kisha kasi ikapungua, na alipojifunza upya kilekile kilimchukua muda mfupi zaidi. Kwa hiyo usijilaumu kwamba akili yako nzito. Ni nzima, inafanya kama za watu wote. Kilichokosekana ni kurudia kwa kujiuliza, na kuchagua maneno ambayo siku yako yenyewe inayadai.

Anza hapo kwenye kuchagua, maana ndipo penye faida kubwa. Nunua kidaftari kidogo cha kutia mfukoni mwa sare. Kila unapotaka kusema kitu kwa Kiingereza ukakwama, andika kwa Kiswahili kile ulichotaka kusema. Usitafute neno hapo hapo, endelea na kazi. "Bomba linavuja." "Tundu la maji bafuni limeziba." "Nirudi baadaye?" "Nimelikuta saa hili chini ya mto." Shifti ikimalizika utakuwa na sentensi tano au kumi, na hizo ndizo zako. Usiku tafuta Kiingereza chake, muulize msimamizi wako au mtu wa mapokezi akuhakikishie: "The tap is leaking." "The drain is blocked." "Shall I come back later?" "I found this watch under the pillow." Neno lililokukwama mdomoni asubuhi likapatikana usiku linang'ang'ania kuliko maneno kumi yaliyokuja bila kuitwa, kwa sababu ulikuwa na haja nalo.

Utaona pia kwamba maneno machache yanafanya kazi kubwa mno. Chukua "is not working". Kiyoyozi, taa, simu, bafu, televisheni, kufuli: kila kilichoharibika chumbani unaweza kukiripoti kwa maneno hayo matatu ukiongeza jina la kitu mbele yake. Kwa mapokezi neno la namna hiyo ni "available". Chumba kikiwepo ni "available", gari likiwepo ni "available", na meneja akiwa na nafasi ni "available". Maneno kama haya yajue mpaka yatoke bila ya kufikiri.

Nimekwambia andika sentensi, sikukwambia andika neno, na hapa naomba unisikilize vizuri. Neno lina jirani zake. Tazama "piga" ya Kiswahili: tunapiga pasi, tunapiga simu, tunapiga mswaki, tunapiga picha, tunapiga hodi. Hakuna anayempiga mtu hapo. Mgeni akijifunza kwamba piga maana yake ni kugonga kwa fimbo, atabaki anashangaa pasi imekosa nini. Kiingereza nacho kina "piga" zake. Kitanda ni "make the bed", chumba kizima ni "clean the room" au "do the room", shuka ni "change the sheets", fomu ni "fill in the form", na sabuni ikiisha ni "we have run out of soap". Ukiweka daftarini "make = tengeneza", utakuja kusema kitanda kimetengenezwa na fundi seremala. Weka kundi zima la maneno, nalo likae kama lilivyo.

Na kwa kuwa nimetaja "sheets", acha nikuonye kwa uwazi kama mzazi. Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina zaidi ya mara mbili yake, na tofauti moja inawaumbua vijana wetu wa usafi wa vyumba. Katika "sheet" vuta irabu, iwe ndefu, kama unayemwita mtu aliye mbali. Ukiifupisha, umetamka tusi la haja kubwa mbele ya mgeni aliyeomba shuka safi. "Beach" nayo vivyo hivyo, ukiifupisha inageuka kuwa tusi kwa wanawake. Zizoeze hizi mbili kwa sauti mpaka ulimi ukubali, maana shuka na pwani hutaweza kuzikwepa Paje.

Sasa mitego inayotoka ndani ya Kiswahili chetu. Tunapokosea Kiingereza, mara nyingi si kwamba hatuna neno. Tuna neno moja pale ambapo wenzetu wana matatu, tukachukua lililo karibu. "Mgeni" ni mfano mzuri. Anayelala hotelini ni "guest". Aliyekuja kutembelea ni "visitor". Mtu wa nchi nyingine ni "foreigner". Usiyemjua ni "stranger". Niliwahi kumsikia kijana akimwambia dereva mbele ya wageni wenyewe kwamba "the strangers" wako tayari. Moyo wake ulikuwa safi kabisa, lakini nyuso za wale watu nilizitazama na hazikufurahi.

"Kusikia" nako tunasikia kila kitu: sauti, baridi, harufu, maumivu, njaa. Kwa Kiingereza sauti ni "hear", harufu ni "smell", baridi na maumivu ni "feel", na njaa huwa ni hali ya mtu: "I'm hungry". "Mguu" kwao umekatwa vipande viwili: kutoka pajani mpaka kifundo ni "leg", kutoka kifundo kwenda chini ni "foot". Mkono vivyo hivyo, "arm" na "hand". Inaonekana jambo dogo mpaka siku mgeni amekanyaga kitu baharini na wewe ndiye uliyeshika simu kumweleza daktari.

"Bado" inawasumbua karibu wote ninaowafundisha. Mgeni anauliza kama chumba chake kiko tayari, kijana anajibu "Still", mgeni anabaki anangoja sentensi imalizike. Kama jambo halijatokea, bado ni "not yet". Kama jambo linaendelea, bado ni "still": "Not yet, sir. I'm still cleaning it." Jibu hilo moja lina bado zote mbili, likariri.

Na "pole". Ah, pole ni neno tamu ambalo Kiingereza hakina. Mgeni akijikwaa kwenye ngazi, sisi tunampa pole na hakuna anayedhani tumemwangusha. Ukisema "sorry" peke yake, mwingine ataona unaomba radhi, kana kwamba wewe ndiye uliyemwaga maji pale. Kwanza uliza "Are you all right?" Akikwambia anaumwa au amefiwa, hapo "I'm sorry to hear that" ndiyo pole yetu hasa. Pole ya kazi haina mwenziwe, usihangaike kuitafuta. "Karibu" nayo igawe kwa mahali: anayeingia hotelini ni "welcome", anayepiga hodi ni "come in", aliyekushukuru ni "you're welcome", uliyemuwekea chakula ni "please help yourself".

Yeye wetu habagui mwanamume na mwanamke, kwa hiyo "he" na "she" zitakuponyoka hata ukiwa hodari. Dawa yake ni kumsimulia mtu mmoja tu kila siku: leo habari za mama yako kuanzia alfajiri mpaka usiku, kesho habari za baba.

Kuna na maneno tuliyochukua kutoka kwao wenyewe, yakabadilika njiani. Kwetu mtu akisema anakula hotelini anakusudia mkahawa, lakini "hotel" ni ya kulala. Gesti yetu ni nyumba, "guest" ni mtu. Lakini mengi ya mkopo yanakusaidia: tiketi, risiti, benki, bili, shati, sweta, ofisi. Ondoa irabu ya mwisho, rekebisha matamshi, unalo. Sisi wa visiwani tuna hata "skuli", iliyotoka kwa Waingereza, wakati wenzetu wa bara wana "shule" iliyotoka kwa Wajerumani. Hapo umetangulia hatua moja.

La saa ni zito, na ukienda mapokezi litakuwa lako kila siku. Dereva mmoja niliyemfundisha, wa hoteli nyingine kabisa, aliambiwa na mgeni aje "at six". Akaandika saa sita. Mgeni alikusudia saa kumi na mbili alfajiri, ana ndege asubuhi; dereva akafika adhuhuri, amepiga pasi shati lake, na mtu hayupo. Tofauti yetu ni saa sita daima: saa mbili asubuhi ni "eight in the morning", saa kumi jioni ni "four in the afternoon". Ratiba za ndege na tiketi za boti ya Dar es Salaam zinafuata hesabu yao. Kila unapoambiwa saa, irudie kwa mgeni ukitaja na wakati wa siku: "Six in the morning, is that right?" Halafu iandike kwa tarakimu, 06:00, mbele ya macho yake.

Nikutoe hotelini kidogo, twende ufukweni, kwa sababu mazungumzo ya kawaida ya Paje yako pale. Mgeni anaamka anakuta bahari haipo. Jana jioni iliogeleka, leo asubuhi ni mchanga mpaka kwenye mwamba. Atakuuliza wewe, maana ndiye wa kwanza kumuona. Maji kupwa ni "low tide", maji kujaa ni "high tide", mwamba ni "reef". Mwambie "The tide is out now. It will be back in about six hours." Ni kweli, kutoka kupwa mpaka kujaa ni saa sita na dakika chache, na kila siku nyakati zinasogea mbele kwa kiasi cha dakika 50, kwa hiyo saa ya leo usiitumie kesho. Bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, wanaiita "spring tide", na hiyo "spring" haihusiani na majira ya mwaka. Maji mafu ni "neap tide". Mgeni akisikia haya kwako hatokwenda kumuuliza mtu mwingine.

Baada ya maji atauliza kina mama wale wanafanya nini katikati ya maji kupwa. Mwani ni "seaweed", kamba ni "rope", vijiti vile vya kuchomeka mchangani ni "stakes", kuvuna ni "harvest". "They are farming seaweed. They tie small pieces to ropes between the stakes." Akitaka kujua wa nini, mwambie mwani unatoa kitu kinachotumika kufanya vitu kama dawa ya meno viwe vizito, na wengine hapa wanautengenezea sabuni. Na wewe wa Pemba una hazina nyingine, karafuu. Wageni wengi hawajui kwamba karafuu ni ua ambalo halijafunguka. Ua lililofumba ni "bud", kuchuma ni "pick", kuanika tuseme "dry in the sun", kikonyo ni "stem". Karafuu ulizichuma kwa mikono yako ukiwa mtoto. Sentensi tano za karafuu kutoka kwako zina thamani kuliko kurasa kumi za herufi A.

Kuhusu kurudia, nitakuwa mfupi kwa sababu njia yenyewe ni nyepesi. Mwandishi wa habari za sayansi Sebastian Leitner aliieleza mwaka 1972. Kata karatasi ngumu vipande vya kuenea kiganjani. Upande mmoja andika tukio au sentensi kwa Kiswahili, upande wa pili Kiingereza. Tafuta maboksi matatu. La kwanza unalipitia kila siku, la pili kila siku ya tatu, la tatu mara moja kwa wiki. Soma Kiswahili, sema Kiingereza kwa sauti kabla ya kugeuza. Ukipata, kadi inasogea boksi la mbele. Ukikosa, inarudi la kwanza hata kama ilikuwa la tatu. Usianzie upande wa Kiingereza, maana kazini fikra inakuja kwa Kiswahili na mdomo ndio unaotakiwa kuivusha. Kadi tano kwa siku, siku sita kwa wiki, mwaka ukiisha umezipitia kama 1,500. Dakika 15 zinatosha, na nyingine unazipata ndani ya daladala ukienda mjini.

Hapo ndipo lile daftari linaporudi. Pita kurasa zake na kalamu nyekundu, uzungushie yale tu yanayogusa siku yako: "blanket", "borrow", "bottle", "broken", "bucket", "bulb", "complain", "curtain", "damage", "deposit", "dirty", "drawer". Kila moja litungie sentensi ya hoteli yako, litiwe kwenye kadi. Yaliyobaki yaache yapumzike.

Mapokezi yana jambo moja zaidi, nalo ni adabu. Wewe ni mtu wa adabu, barua yako inaonesha. Lakini adabu ya Kiswahili imo katika sauti, katika "naomba", katika mwisho wa kitenzi, na tunapovuka kwenda Kiingereza tunaiacha gatini. "Nipe pasipoti yako" kwa sauti laini haina ubaya. "Give me your passport" inasikika kama askari. Kwao adabu imo katika vineno vidogo, "could", "may", "would". "Could I see your passport, please?" "Would you like some water?" "May I have your signature here?" Na ukiulizwa usilolijua, badala ya "I don't know" sema "I'll find out for you", kisha kweli nenda ukatafute jibu. Nimeona wasimamizi wakiwapa vijana kazi kwa ajili ya sentensi hiyo moja.

Muombe mtu wa mapokezi akuruhusu usimame pembeni robo saa unapomaliza shifti, wageni wanapoingia. Usiseme kitu. Sikiliza anavyompokea mgeni mmoja kuanzia salamu mpaka ufunguo, uandike maneno yake kama alivyoyasema. Wageni watano tu, na utaona maneno ni yaleyale: "booking", "arrival", "departure", "deposit", "balance", "receipt". Mapokezi ni eneo dogo kuliko unavyoliogopa.

Kesho ukiingia chumba cha kwanza, mlango umefungwa na hakuna wa kukusikia, taja kwa sauti kila unachofanya. "I'm opening the curtains. I'm changing the sheets. There are two towels on the floor." Fanya hivyo kimoja baada ya kingine mpaka ukwame. Ukikwama, toa kidaftari mfukoni, uandike kwa Kiswahili ulichotaka kusema. Hiyo ndiyo kadi yako ya kwanza.